Tu-22 iliyoishambulia Mwanza mwaka 1979, na ndege nyingine za kivita zenye maumbile ya ajabu

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Ukisimama Capri Point ukatazama ziwani, Kisiwa cha Saanane unakiona hapo hapo mbele yako. Tangu nikiwa mdogo wazee walikuwa wanatusimulia kwamba wakati wa Vita vya Kagera ndege ya Gaddafi ilikuja kupiga matenki ya mafuta ya mji wetu, ikakosa, ikaua swala kisiwani. Nikiwa shule ya msingi nilijua ni hadithi za kunogesha usiku. Baadaye nikaja kusoma, kumbe ni kweli tupu. Mwishoni mwa Machi 1979 Libya, iliyokuwa upande wa Idi Amin, ilituma Tupolev Tu-22 moja kupiga hifadhi ya mafuta ya Mwanza. Shabaha ikakosekana, kilichopigwa kikawa Saanane, ambayo enzi hizo ilikuwa bustani ya wanyama (ilianzishwa 1964, imekuja kuwa hifadhi ya taifa 2013). Siku zisizofika 15 baadaye majeshi yetu yalikuwa yameshaingia Kampala.

Swala wale ndio walionifanya niitafute ile ndege, na nilipoipata sikuiacha tena. Imeundwa kwa namna ambayo ukiiona mara ya kwanza unadhani mchoraji alichanganya karatasi za ndege mbili. Ila kadiri ninavyozisoma ndege za kijeshi ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja, na ndilo nililoanzishia uzi: kila umbile la ajabu kwenye ndege hizi ni malipo. Kuna kitu mhandisi alikitaka sana, na lile umbo la ajabu ndiyo bei aliyokubali kuilipa. Ukijua alichokitaka, ajabu inaisha.

Tuanze na Tu-22 yenyewe.

Iliruka mara ya kwanza 1958. Warusi walitaka ndege ya kudondosha mabomu inayopita kasi ya sauti. Ili bawa likate hewa vizuri kwa kasi hiyo, walitaka liwe tupu, bila injini ya kuning'inia. Basi injini zote mbili wakazipeleka juu ya mgongo, nyuma kabisa, zikaubana mkia kulia na kushoto. Ukiiangalia kwa nyuma inafanana na mtu aliyebeba magunia mawili mabegani. Faida ni kwamba bawa linabaki safi, njia ya hewa kuingia kwenye injini inakuwa fupi, na vumbi na kokoto za uwanjani haziwezi kufika kule juu. Aliyelipa bei ni fundi. Kila alipotaka kugusa injini ilibidi apandishwe juu kama anayetengeneza paa la ghorofa. Tena mdomo wa kila injini una pete inayosogea mbele wakati wa kuruka, inaacha uwazi wa kuingiza hewa ya ziada, halafu ndege ikishika kasi pete inarudi mahali pake.

Ndani ni watu watatu, na rubani ni mmoja tu, hana msaidizi. Mlango wa ubavuni hakuna. Viti vinashushwa kwa reli kupitia matundu ya tumboni, mtu anakaa akiwa chini kabisa karibu na lami, halafu anavutwa juu pamoja na kiti chake. Sasa sikilizeni hili: likitokea la kutokea, kiti kinamrusha kupitia tundu lile lile alilopandia. Anarushwa KUELEKEA CHINI. Chini ya urefu wa takriban mita 350 kiti hicho hakina msaada wowote, na wote tunajua ndege inapata shida nyingi zaidi wakati wa kuruka na kutua.

La mwisho ni ubaridi. Mfumo wa kupoza ndani ulitumia mchanganyiko wa maji safi na pombe kali, asilimia 40 ni pombe. Yaani ni vodka, wakuu. Ukishatumika unamwagwa nje, kwa hiyo kila safari ilihitaji mzigo mpya. Askari wa Kisovyeti wakaipa ndege jina la utani lenye maana ya mbeba pombe anayeipita sauti, na pombe hiyo haikuwa yote inafika angani.

Karibuni tuongeze. Mwenye ndege anayoijua vizuri aiweke hapa, ila aeleze na sababu.


#2 Mdau, Dar es Salaam

Mkuu, uzi wa maana sana huu. Hilo la kiti kurusha mtu chini limenitoa jasho. Ni Warusi peke yao walifanya hivyo?


#3 Mleta uzi

Hapana mkuu, Wamarekani pia.

B-52 inayoruka hadi leo ina watu wawili wanaokaa ghorofa ya chini, mwongoza njia na mwenzake wa rada. Hao wanarushwa chini, wale wa juu wanarushwa juu. Ndege yenyewe iliruka mara ya kwanza 1952 na ya mwisho kutengenezwa ilitoka kiwandani 1962, maana yake hakuna B-52 iliyo hai iliyo changa kuliko Muungano wetu.

Kilichosikitisha zaidi ni F-104 Starfighter. Mkia wake ulikuwa mrefu, na bawa dogo la nyuma limekaa juu kabisa ya mkia huo. Wahandisi waliogopa kwamba rubani akirushwa juu kwa kasi ile atagongwa na mkia, kwa hiyo matoleo ya kwanza yakawekewa kiti cha kurusha chini. Tarehe 26 Julai 1958, rubani wa majaribio Iven Kincheloe alizimikiwa injini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Edwards, California. Aliigeuza ndege tumbo juu ili kiti kimrushe kuelekea mbinguni. Alifanikiwa kutoka, lakini urefu haukutosha, akafariki. Alikuwa na miaka 30. Nikikifikiria kitendo kile, mtu anapindua ndege iliyokufa ndani ya sekunde chache kwa sababu anakijua kiti chake, nashindwa kusema kitu. Viti vya F-104 baadaye vilibadilishwa vyote vikawa vya kurusha juu.

Mabawa ya F-104 nayo yalikuwa membamba kiasi kwamba ukingo wa mbele ulikuwa chini ya nusu milimita. Ndege ikiegeshwa, ukingo huo unafunikwa ili fundi asijikate. Walitaka kasi mara mbili ya sauti, wakapata, na bei ni kwamba ndani ya bawa hakukubaki nafasi ya mafuta.

Na kwa kuwa nimeitaja B-52: magurudumu yake yanaweza kupinda hadi nyuzi 20. Upepo ukipiga kwa ubavu, ndege inakuja kutua pua ikitazama pembeni kabisa ya uwanja, lakini matairi yamenyooka na lami. Sababu iko kwenye miguu. Miguu mizito yote iko chini ya mwili, kama baiskeli, na mabawa ni marefu mno. Rubani hawezi kulaza bawa moja kukabiliana na upepo kama marubani wengine wanavyofanya, litagusa chini. Wakaona heri tairi lipinde.


#4 Mdau, Nanyuki

Salamu kutoka Nanyuki. Sisi hapa tumekua tukizitazama F-5, ndege za kivita za Kimarekani, za Laikipia Air Base zikipita juu ya nyumba, kwa hivyo wacha niweke yangu.

Mguu wa mbele wa F-5E una vimo viwili. Kabla ya kuruka rubani anaurefusha, na pua inainuka ndege ikiwa bado iko chini. Ukisimama karibu na ua wa uwanja unaiona kabisa ikiinua uso. Maana yake ni kwamba F-5 ina mabawa madogo, na kwa kawaida ingehitaji kukimbia mbali sana ndipo ipate nguvu ya kuinua pua yenyewe. Wakiipa huo mwinamo mapema, inaondoka kwa uwanja mfupi zaidi. Ikishapaa mguu unafupishwa na kufichwa ndani.

Lingine ni kwamba Wamarekani walizitumia F-5 kuigiza adui kwenye mafunzo. Kwa umbo na uwezo inakaribiana na MiG-21 ya Kisovyeti, na pia ni ndogo, ni vigumu kuiona ikija moja kwa moja mbele yako. Rubani aliyezoea ndege kubwa alikuwa anashangaa amepigwa na kitu ambacho hakukiona.


#5 Mdau, Morogoro

Asante jirani wa Nanyuki. Mimi nachangia kwa MiG-21, kwa sababu Uganda na Tanzania zote zilikuwa nayo vita ile ya Kagera, na jamii yake ya Kichina (J-7) tumeiona ikipita kwenye maadhimisho ya kitaifa.

Mnaiona ile pembe katikati ya tundu la pua? Watu wengi wanadhani ni urembo au ni kombora. Ile ni pia, yaani umbo la koni, inayosogea mbele na nyuma. Injini haiwezi kumeza hewa inayokuja kwa kasi kuliko sauti, lazima hewa ipunguzwe kasi kwanza, na ile pia ndiyo inayoivunja. Kasi ikiongezeka, pia inatoka mbele zaidi. Rada imewekwa humo humo ndani ya pia, na hapo ndipo bei inaponekana: tundu la hewa likiwa puani, rada inabaki kuwa ndogo kama pia yenyewe. Walipotaka rada kubwa kwenye MiG-23 ilibidi wahamishie matundu ya hewa ubavuni.

Matoleo ya kwanza, F-13, yalikuwa na jambo jingine. Kioo cha rubani kinafunguka kuelekea mbele, na rubani akijirusha kioo kinaondoka naye, kinamkinga na upepo kama ngao, halafu kinaachia baadaye. Wazo zuri kwenye karatasi. Kwenye kazi mfumo ulileta matatizo, wakauacha.


#6 Mdau, Arusha

Wakuu, na A-10 ya Wamarekani je? Nimesikia mzinga wake ukipigwa ndege inasimama angani, hata inarudi nyuma. Kweli?


#7 Mleta uzi

Mkuu wa Arusha, hili linasambaa sana. Tulipige hesabu.

Mzinga wa A-10, GAU-8, una mitutu saba ya milimita 30 na unatoa risasi 3,900 kwa dakika. Msukumo wake wa nyuma ni kama kilonyutoni 45. Injini moja ya A-10 inasukuma kilonyutoni 40, na injini ziko mbili. Kwa hiyo mzinga una nguvu kuliko injini moja, jambo ambalo peke yake ni la kutisha, ila hauzidi injini mbili. Juu ya hapo kuna uzito wa ndege yenyewe inayokwenda kwa kasi. Risasi zinapigwa kwa sekunde moja au mbili, ndege inapungua kasi kidogo tu, basi. Kusimama, hapana.

Tatizo lililowaumiza vichwa wahandisi lilikuwa la pembeni. Msukumo mkubwa hivyo usipokuwa katikati kabisa, pua inasukumwa upande mmoja na risasi zinakwenda kwingine. Mitutu saba inazunguka, lakini unaopiga kwa wakati wowote ni mmoja. Wakausogeza mzinga mzima kushoto kidogo ili ule mtutu unaopiga uangukie kwenye mstari wa katikati wa ndege. Sasa mzinga umechukua nafasi ya gurudumu la mbele. Wakalisogeza gurudumu kulia. Ukiitazama A-10 kwa mbele utaona mguu wake uko upande, na ukiambiwa sababu hutaisahau. Ndege ile ilijengwa kuuzunguka mzinga, siyo mzinga uliofungwa kwenye ndege.

Moshi wa mzinga nao unaweza kuzimisha injini, kwa hiyo rubani akibonyeza kufyatua, viwashio vya injini vinawaka vyenyewe.

Halafu angalieni injini zilipo: juu, nyuma, kama Tu-22! Ila sababu nyingine. Tu-22 walikimbilia kasi. A-10 ni ndege ya polepole inayofanya kazi chini chini karibu na vifaru, walitaka injini ziwe mbali na uchafu wa ardhi na joto lake lifichwe na mkia ili makombora yanayofuata joto yasilione kirahisi. Rubani anakaa ndani ya beseni la titani la zaidi ya kilo 500. Na ikiwa mabomba yote ya haidroliki (mafuta ya mgandamizo yanayosaidia kuiongoza ndege) yamepasuka, kuna nyaya za kuvuta kwa mkono. Tarehe 7 Aprili 2003 rubani Kim Campbell alipigwa juu ya Baghdad, haidroliki zote zikaisha, akairudisha ndege salama kwa nguvu za mikono yake.


#8 Mdau, Dodoma

Naomba niwakumbushe SR-71 Blackbird, ndege ya upelelezi ya Wamarekani. Ile ilikuwa inavuja mafuta ikiwa chini. Ndiyo maana ilikuwa inapaa na mafuta kidogo halafu inakimbilia kujazwa angani.


#9 Mleta uzi

Kaka, nusu ya kwanza ni kweli kabisa. Nusu ya pili inahitaji kurekebishwa, na nafurahi umeileta kwa sababu hii ndiyo ndege inayonifundisha zaidi.

Ilikuwa inakwenda zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti, kwenye urefu wa kilomita 25 hivi. Kwa kasi hiyo ngozi ya ndege inachemka, hata kama hewa ya nje ni baridi kali. Bati la alumini lingelainika, kwa hiyo karibu yote ikajengwa kwa titani. Titani nyingi duniani wakati huo ilikuwa Umoja wa Kisovyeti, na Wamarekani waliinunua huko huko kupitia kampuni za kati, ili watengeneze ndege ya kuwapeleleza waliowauzia. Fundi walioizoea alumini wakapata shida mpya: vifaa vyenye kadimiamu viliharibu titani, na hata maji ya bomba ya Burbank, kulikokuwa na kiwanda, wakati wa kiangazi, yakiwa na klorini nyingi, yalidhoofisha maungio.

Chuma kikipata moto kinatanuka. Mabati yaliachiwa nafasi kwa makusudi, matenki hayana mfuko ndani, ngozi ya ndege ndiyo tenki lenyewe, na dawa ya kuziba maungio ilichakaa kwa joto. Ndege ikipoa chini, inadondosha. Mafuta yenyewe, JP-7, yalitengenezwa kuwa magumu kushika moto, kiasi kwamba kiberiti hakiyawashi. Ndipo ikabidi injini ziwashwe kwa kemikali ya TEB, ambayo ikikutana na hewa tu inalipuka kwa mwanga wa kijani. Kila injini ilibeba ya kutosha mara 16 hivi. Ukizimaliza, umemaliza. Na kuzungusha injini hizo hadi ziweze kuwaka, kulikuwa na kitoroli chenye injini mbili za magari ya Buick, V8, zikinguruma chini ya ndege.

Sasa kuhusu kupaa na mafuta kidogo: sababu kubwa ilikuwa tairi, breki, na hofu ya injini moja kufa wakati wa kuruka. Ikiwa nyepesi inaweza kupona kwa injini moja. Kuvuja kulikuwepo, lakini hakukuwa ndiko kulikoipeleka kwa ndege ya mafuta.

Zilitengenezwa 32. Adui hakuwahi kuiangusha hata moja, ingawa ajali zilichukua 12.


#10 Mdau, Uingereza

Mimi naishi huku, na niliwapeleka watoto makumbusho ya Duxford. Kuna English Electric Lightning moja pale, ndege ya kivita ya Kiingereza, namba XM135. Lightning ina injini mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Walitaka nguvu ya injini mbili na uso mwembamba wa ndege ya injini moja, na injini moja ikizima nyingine bado inasukuma katikati, haiivuti pembeni. Ila hadithi ya ile XM135 inapita yote.

Tarehe 22 Julai 1966, uwanja wa Lyneham, mhandisi wa jeshi la anga Walter Holden alikuwa anatafuta hitilafu ya umeme. Alikuwa amewahi kurusha vindege vidogo vya mafunzo tu. Kazi yake ilikuwa kusukuma ndege mbele kidogo mita chache, kupima, na kusimama. Kifuniko cha kioo kilikuwa kimetolewa, kiti hakikuwa tayari kurusha. Mkono ukasukuma nguvu mpaka mwisho, moto wa nyuma ya injini ukawaka, na hakuweza kuurudisha. Akakosakosa gari la mafuta na ndege iliyokuwa ikiruka kwenye njia nyingine, lami ikaisha, akapaa. Angani bila kioo, bila redio, bila kofia ya rubani. Akazunguka kwa kama dakika 12, akajaribu kutua mara mbili akashindwa, mara ya tatu akaiweka chini akiwa ameigusisha mkia kwanza kama alivyozoea kwenye ndege zake ndogo. Akatoka mzima.

Nilisimama mbele ya ndege ile muda mrefu, mpaka mwanangu akauliza kama naumwa.


#11 Mdau, Kigoma

Duh! Mungu mkubwa. Mleta uzi, hebu turudi nyumbani. Hizo Tu-22 za Libya ziliishia wapi?


#12 Mleta uzi

Zilihamia vita ya Chad, ndugu yangu. Februari 1986 moja ilipiga uwanja wa ndege wa N'Djamena, mji mkuu wa Chad, na hapo shabaha haikukosa kama Mwanza, ikaharibu njia ya kurukia. Tarehe 7 Septemba 1987 zikarudi mbili kuipiga N'Djamena, na kikosi cha Ufaransa kikaangusha moja kwa kombora la Hawk. Baada ya hapo Libya ilizidi kuzitelekeza. Nje ya Umoja wa Kisovyeti ni nchi mbili tu zilizowahi kuzipata, Libya na Iraki.

Wadau wa Mwanza mliokuwepo Machi 1979, au ambao wazazi wenu bado wapo, naombeni mtuandikie. Sauti ilikuwaje? Mlijua ni ndege?


#13 Mdau, Mwanza

Mwanangu, shikamoo zenu nimezipokea. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 17, naishi na mama mdogo Kirumba. Nakumbuka sauti moja nzito, madirisha yakatetemeka, tukadhani ni radi kwa kuwa ulikuwa msimu wa mvua. Mama mdogo akatoka nje kuanua nguo. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu. Akabaki amesimama na kanga mkononi anatazama ziwani, na sisi watoto tukatoka tukasimama nyuma yake.

Jioni ndipo tukaambiwa kuhusu swala.